Mlinde Mbwa, Umlinde Mtoto: Historia ya Kichaa cha Mbwa

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Uwe jikoni unakoroga uji, uwe kwenye foleni ya maji, uwe nje ya nyumba unapumzika baada ya kazi, karibu. Leo ni siku ya historia, na leo historia yetu inahusu mbwa.

Mbwa tunaishi nao. Kila mtaa wa kambi una mbwa wake. Wengine wana wenyewe wanaojulikana, wanalinda kuku na mlango usiku. Wengine tunasema hawana mwenyewe, lakini ukitazama vizuri utaona kila nyumba inawatupia ugali uliobaki. Na mbwa anapomng'ata mtoto, kinachofuata tunakijua. Vijana wanaokota mawe na fimbo, mbwa anauawa, watu wanarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Mtoto bado ana kidonda. Na mbwa wengine wanaozunguka pale pale bado hawajachanjwa.

Jioni hii tutaangalia jinsi binadamu alivyopambana na kichaa cha mbwa kwa karibu miaka 4,000. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alishindwa. Alianza kushinda pale alipoacha kumngoja mbwa aume na kuanza kumkinga mbwa kabla hajaugua.

(Muziki mfupi)

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kwa Kiswahili ni kichaa cha mbwa. Ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa wanauita rage, na Warundi wanasema ibisazi vy'imbwa. Majina ni mengi, ugonjwa ni mmoja. Unaletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, au akiramba mahali penye kidonda, virusi vinaingia. Havikimbilii kwenye damu kama malaria. Vinapanda taratibu kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kidonda kinaweza kupona kabisa, mtoto akarudi kucheza mpira, mama akasahau. Kisha siku moja homa inaanza. Mtoto anaogopa hata kuona maji kwa sababu koo linakaza akijaribu kumeza. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, popote duniani, hata kwenye hospitali kubwa. Lakini katika muda ule wa safari ya virusi, kabla havijafika kwenye ubongo, chanjo inaweza kumwokoa mtu. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Sasa turudi nyuma sana. Katika nchi ambayo leo ni Iraki, karibu na Baghdad, palikuwa na mji uitwao Eshnunna. Karibu miaka 1,900 kabla ya Kristo, mji huo uliandika sheria zake kwenye vibao vya udongo, na vibao hivyo vimepatikana. Moja ya sheria ilisema hivi: kama mbwa ana kichaa, na wakubwa wa mji wamemwarifu mwenye mbwa, na yeye hakumfungia, kisha mbwa akamuuma mtu akafa, basi mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo yalikuwa shekeli 15.

Hatuipendi sheria inayopima thamani ya mtu kwa kuangalia ni huru au ni mtumwa. Lakini tazama kile ambacho watu wale walikuwa wamekwisha kukielewa. Hawakujua virusi. Hawakuwa na sindano. Walijua kwamba mbwa ana mwenyewe, na kwamba mwenyewe akishaambiwa ana wajibu. Sheria haikumshitaki mbwa. Ilimshitaki mtu.

Baada ya hapo karne nyingi zilipita na tiba haikupatikana. Tangu enzi za Warumi waganga walikuwa wakichoma kidonda kwa chuma cha moto, wakitumaini kuunguza sumu kabla haijasambaa. Desturi hiyo ilidumu mpaka karne ya 19. Katika mji mdogo wa Arbois nchini Ufaransa, watu walioumwa na mbwamwitu mwenye kichaa walipelekwa kwa mhunzi ili wachomwe. Mmoja wa watoto waliokua katika mji huo alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi. Jina lake Louis Pasteur.

(Muziki mfupi)

Pasteur hakusomea udaktari. Alikuwa mtaalamu wa kemia aliyetumia maisha yake kuchunguza viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Miaka ya 1880, yeye na mwenzake Émile Roux walianza kutafuta kinga ya kichaa cha mbwa. Walichukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, wakauning'iniza ndani ya chupa yenye hewa kavu. Siku zilivyopita, ukali wa ugonjwa ulipungua. Uti uliokauka siku 14 haukuwa na nguvu tena. Uliokauka siku moja ulikuwa bado mkali.

Basi wakaanza kudunga kutoka ule dhaifu kwenda ule mkali, siku baada ya siku, ili mwili ujifunze kujitetea. Na walianza na nani? Na mbwa. Kufikia mwaka 1885 Pasteur alikuwa amewakinga mbwa 50.

Tarehe 4 Julai 1885, katika jimbo la Alsace, mvulana wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliumwa na mbwa mwenye kichaa, mikononi na miguuni, mara 14. Alsace ilikuwa ardhi ya Ufaransa iliyotwaliwa na Ujerumani baada ya vita vya 1870 na 1871. Mama yake alimchukua mtoto, akavuka mpaka mpya, akasafiri mpaka Paris kumtafuta mtu ambaye alisikia anaweza kusaidia. Wako akina mama wanaotusikiliza jioni hii ambao hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo ikoje.

Pasteur aliogopa. Hakuwa na ruhusa ya kutibu watu, na kama mtoto angekufa, lawama ingekuwa juu yake. Aliwauliza madaktari, nao wakasema kwa majeraha yale mtoto anaelekea kufa. Jioni ya tarehe 6 Julai, daktari Jacques-Joseph Grancher alimdunga Joseph sindano ya kwanza. Zilifuata nyingine mpaka zikafika 13, kwa muda wa siku 10. Joseph hakuugua. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kulinda lango kwenye Taasisi ya Pasteur huko Paris.

Habari zilienea haraka. Mwezi Machi 1886 walifika Paris watu 19 kutoka Smolensk nchini Urusi, wameumwa na mbwamwitu. Walisafiri umbali mrefu mno na siku nyingi zilikuwa zimepita. Hata hivyo 16 kati yao walirudi kwao wazima.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Ndiyo maana kila mwaka tarehe 28 Septemba dunia inaadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Ukisikia kampeni ya chanjo ya mbwa mwezi Septemba, sasa unajua imetoka wapi.

(Muziki mfupi)

Sasa, msikilizaji, mtu anaweza kusema hadithi imeishia hapo: dawa ilipatikana mwaka 1885. Lakini leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa. Karibu wote wako Afrika na Asia. Na kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa nini? Kwa sababu chanjo ya Joseph Meister inamsaidia mtu baada ya kuumwa, tena akiwahi. Anayekaa mbali na hospitali, asiye na nauli, au asiyejua kwamba mkwaruzo mdogo unaweza kuua, haimfikii. Na mbwa mgonjwa anabaki nje akiuma wengine. Ilibidi apatikane mtu wa kugeuza mambo, amchanje mbwa kwanza.

Chanjo ya Pasteur haikufaa kwa kazi hiyo, kwa sababu ilitaka sindano nyingi kwa siku nyingi. Nani angemshika mbwa mmoja siku 10 mfululizo? Mwaka 1921 watafiti wawili wa Japani, Umeno na Doi, walieleza chanjo ya mbwa iliyohitaji sindano moja tu. Hapo kazi ikawezekana. Mwaka 1950 Japani ilitunga sheria: kila mbwa aandikishwe, achanjwe kila mwaka, na wasio na mwenyewe wasiachwe wakizurura. Kufikia 1957 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha Japani.

Uingereza ilipita njia nyingine. Ni kisiwa, kwa hiyo ililazimisha mbwa wafungwe midomo wanapotoka, na ikaweka karantini bandarini. Mwaka 1902 ugonjwa ulikwisha. Mwaka 1918, vita vikuu vilipokuwa vinaisha, ugonjwa ulirudi kwa mbwa waliobebwa na askari kutoka Ulaya, ikachukua mpaka 1922 kuumaliza tena. Sisi tuliovuka mipaka tujifunze hapo: mbwa akivuka na mtu, ugonjwa unaweza kuvuka naye.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Pemba, hapa kwenye pwani yetu. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa hicho walichanjwa kwa kampeni, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ulirudi, na watafiti waliofuatilia walionyesha kuwa ulirudishwa na wanyama waliosafirishwa na watu. Watu hawakukata tamaa. Walichanja upya, na ukatoweka tena.

Twende Tanzania bara, wilaya ya Serengeti. Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa vijijini walichanjwa mwaka hadi mwaka, hao hao mbwa wa kawaida wa kulinda ng'ombe na nyumba. Baada ya kampeni ya kwanza, mbwa wenye kichaa walipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili walipungua kwa asilimia 97. Na idadi ya watu waliokwenda hospitali kwa sababu ya kuumwa na mbwa wa kushukiwa ilipungua pia. Watu hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni mbwa, na watu wakapona.

Kenya nayo ilitangaza mpango wa kitaifa wa kuumaliza ugonjwa huu kati ya 2014 na 2030, na kaunti kama Makueni na Siaya zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuanza. Na mwaka 2019 Meksiko ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba watu wake hawafi tena kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Imepata hilo baada ya miaka mingi ya kuchanja mbwa bure.

(Muziki mfupi)

Najua kuna msikilizaji anayesema: "Mtangazaji, hayo ni ya wenye pesa. Sisi tuwaue mbwa wote, mambo yaishe."

Historia inajibu hoja hiyo. Mwaka 2008 kichaa cha mbwa kiliingia katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Wakubwa walianza kuua mbwa kwa wingi. Ugonjwa haukusimama, ulisambaa kisiwa kizima. Ulianza kushuka baada ya mbwa wa kisiwa chote kuanza kuchanjwa mwaka 2010.

Kwa nini kuua hakusaidii? Sababu ziko tatu, na zote unaweza kuziona hapa kambini. Ya kwanza, watu wanawapenda mbwa wao. Wakisikia wanauawa, wanawaficha au kuwapeleka mtaa mwingine, na ugonjwa unasafiri nao. Ya pili, wanaouawa ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa, kwa hiyo tunabomoa ukuta wetu wenyewe. Ya tatu, chakula kilichowalisha bado kipo. Mwaka ujao watoto wa mbwa wengine watakuja kukila, na hao hawana chanjo.

Wataalamu wanasema mkichanja mbwa 70 katika kila 100, mnyororo unakatika. Mbwa mgonjwa mmoja akiingia, wengi atakaowauma hawataugua, na ugonjwa utakufa pamoja naye. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa halindi nyumba ya mwenyewe peke yake. Anailinda na ya jirani.

Kuna pia ndugu zetu Waislamu wanaosema mbwa si mnyama wa kukaa naye ndani, na mate yake ni najisi. Tunaheshimu. Lakini mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda wanajulikana katika dini, na wengi wenu mnaijua hadithi ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Chanjo haimtaki mtu amkumbatie mbwa. Inataka asizuie jirani kumpeleka.

(Muziki mfupi)

Sasa tufanye nini hapa tulipo?

Kama una mbwa, uliza kwa kiongozi wa mtaa, au kwa afisa mifugo wa wilaya au kaunti, siku ya chanjo ni lini. Mpeleke kila mwaka, na ukiwa na mtoto wa mbwa usimwache nyuma. Mfunge kamba shingoni umpeleke wewe mtu mzima, usimtume mtoto. Kadi utakayopewa itunze pamoja na karatasi zako nyingine.

Mpe maji kila siku. Mbwa mwenye njaa na kiu anazurura mbali, na anayezurura mbali ndiye anayekutana na wagonjwa. Usimfunge kamba fupi juani mchana kutwa, maana mbwa anayeteswa anajifunza kuuma. Wafundishe watoto wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na wasimkimbie mbwa asiyewajua. Wasimame, watulie, waondoke polepole.

Ukiona mbwa amebadilika tabia, mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa mpole kupita kawaida, mate yanamtoka, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti yake imebadilika, anayumba, usimguse. Waondoe watoto, mwite kiongozi na afisa mifugo.

Na mtu akiumwa, sikiliza vizuri. Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, osha usiwe na haraka. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa ya majani. Usichome kwa moto, wakati wa mhunzi wa Arbois umepita. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kama chanjo haipo, uliza inapatikana wapi na upewe barua ya rufaa. Ukishaanza sindano, zimalize zote kwa tarehe ulizoandikiwa, hata kama unajisikia mzima.

Na yule mbwa aliyeuma? Kama anaonekana mzima na ana mwenyewe, msimuue. Afungiwe na aangaliwe siku 10, afisa mifugo akijua. Akibaki mzima baada ya siku hizo, tunajua hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Mkimuua na kumtupa, mmemuua shahidi. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo 10 ndipo aende hospitali. Aende leo.

(Muziki unapanda kidogo, unashuka.)

Mpendwa msikilizaji, watu wa Eshnunna waliandika kwenye udongo kwamba mwenye mbwa akishaarifiwa, ana wajibu. Hawakuwa na chanjo, sisi tunayo. Jioni hii umearifiwa. Mwarifu na jirani yako ambaye hana redio.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, dalili zikishaanza, tiba haipo kabisa. Kama una swali, liandike kwenye karatasi uliache kwenye sanduku la maoni, tutamtafuta mtaalamu wa mifugo alijibu hewani.

(Muziki wa kufungia.)